Twiga wa Lang'ata na swali la nani ni ndugu ya nani

Ukiwalisha twiga asubuhi pale Giraffe Centre, Lang'ata, halafu mchana ukaingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi ukakuta twiga wengine wakichuma majani ya mgunga, umeona spishi mbili. Sisemi madoa tofauti ya mnyama mmoja. Nasema spishi mbili, jinsi simba na chui walivyo spishi mbili. Wale wa Giraffe Centre asili yao ni magharibi mwa Kenya. Mababu zao walitolewa Soy miaka ya 1970, wakati ardhi waliyokuwa wakiishi ilipokuwa ikigawanywa. Chini ya magoti miguu yao haina madoa, ni myeupe tupu. Wale wa mbugani ni twiga wa Kimasai: madoa yao yana kingo zilizochanikachanika, na yanateremka hadi karibu na kwato. Agosti 2025, IUCN, shirika la kimataifa linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, lilikubali kwamba twiga wa Afrika ni spishi nne, wala si moja. Kenya ina tatu kati ya hizo.

Kwa sisi tunaopata riziki kwa kuzungusha wageni, habari hiyo ilikuja na manung'uniko. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyeanza kuendesha van za watalii kabla mimi sijaingia darasa la kwanza, alinikuta nimeegesha karibu na geti nikiisoma kwenye simu.

"Mwanangu," akasema, "hawa watu wa maabara hawana kazi. Jana twiga mmoja, leo wanne. Kesho watatuambia simba wa hapa na simba wa Mara hawajuani."

"Mzee wangu, wana sababu zao."

"Sawa. Na mgeni akiniuliza, nimwambie nini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mzee anapomtazama mnyama huuliza: anafananaje? Mwanabiolojia wa leo huuliza: ametokana na nani? Mara nyingi maswali haya mawili huleta jibu moja, na ndiyo maana tunadhani ni swali moja. Utamu uko pale yanapoachana njia.

Ngazi yenyewe ya kupanga viumbe kila aliyesoma biolojia shule ya upili aliikariri: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Sitakaa hapo sana. Iliwekwa misingi na Mswidi Carl Linnaeus, ambaye kitabu chake Systema Naturae kilitoka mwaka 1735 kikiwa na kurasa chache tu, kisha kikanenepa toleo baada ya toleo. Majina ya mimea tunayatambua kuanzia kazi yake ya mwaka 1753, na ya wanyama kuanzia toleo la kumi la mwaka 1758. Kabla ya toleo hilo nyangumi alikuwa bado amewekwa na samaki. Mimea Linnaeus aliipanga kwa kuhesabu viungo vya uzazi ndani ya ua. Ni mbinu rahisi, inafaa sana kwa mtu aliye shambani na kioo cha kukuzia, lakini haisemi ukoo. Isingeweza. Darwin alichapisha hoja yake kwamba viumbe wametokana na mababu wa pamoja mwaka 1859, miaka mia moja na moja baada ya toleo lile la kumi. Kwa Linnaeus kufanana ulikuwa mpango wa Muumba, na kazi yake ilikuwa kuusoma. Baada ya Darwin kufanana kukawa ushahidi tu, na ushahidi unaweza kudanganya.

Unavyodanganya, njoo Nyayo Stadium nikuonyeshe. Juu ya miti ya barabarani pale wamejaa wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, wanaodondosha uchafu juu ya magari. Wageni wengi wakiwaona husema, "Tai!" Siwalaumu. Kichwa kitupu, mgongo uliopinda, na wote hukutana kwenye mzoga. Lakini huyu ni korongo, jamaa ya wale korongo weupe wanaokuja kutoka Ulaya kila mwaka, na tai yuko kwenye familia ya mwewe na kipanga. Ndege anayeingiza kichwa ndani ya tumbo la nyumbu aliyeoza hana faida na manyoya kichwani, awe mtoto wa nani. Upara ule ni wa kazi, si wa ukoo.

Kuna mfano unaoniuma zaidi kwa sababu ulivunja kitu nilichokiamini tangu utotoni. Mwewe wanaozunguka juu ya machinjio ya Dagoretti wakivizia vipande vya nyama, na kozi anayemshukia njiwa angani kwa kasi ya ajabu: kucha, mdomo uliopinda, macho makali, wote wawindaji. Ungeapa ni ndugu. Mwaka 2008 utafiti mkubwa uliolinganisha jeni za ndege kutoka karibu familia zote uliwatenganisha. Kozi akaenda upande mmoja na kasuku, pamoja na ndege wadogo waimbao, shomoro wetu wa paani akiwemo. Mwewe akabaki kule na tai. Tafiti zilizofuata, zilizosoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe, zikakubali. Kozi kuwa karibu na kasuku kuliko mwewe! Nilipowaambia wenzangu, mmoja aliniuliza nimekunywa nini.

Hapo ndipo panapohitaji kanuni, maana bila kanuni kila mtu atapanga anavyoona. Kanuni iliyoshinda ni ya Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa nzi, aliyeichapisha mwaka 1950. Kundi halali ni babu mmoja pamoja na wazao wake wote, bila kumwacha hata mmoja nje. Inasikika rahisi. Ukiifuata kwa uaminifu inavunja nusu ya makundi tuliyofundishwa.

Chukua reptilia. Mamba wa Snake Park pale Museum Hill, mjusi wa ukutani na kobe wa shambani, wote reptilia, sivyo? Na kuku ni ndege. Lakini mamba ni ndugu wa karibu wa kuku kuliko alivyo ndugu wa mjusi. Moyo wake una vyumba vinne kama wa kuku, wa mjusi una vitatu. Mama mamba hulinda kiota na kuitikia sauti za watoto wakiwa bado ndani ya mayai. Mifupa ya kale na DNA vinasema hivyo hivyo. Kwa hiyo ukisema "reptilia" ukawaacha ndege nje, umefanya kama ukoo unaohesabu watoto wote isipokuwa binti mmoja aliyeolewa mbali akabadilisha mavazi. Bado ni binti yenu. Kwa Hennig kuna njia mbili tu: umrudishe ndani, au ulifute kundi. Wengi wa leo wamemrudisha, na ndiyo maana utawasikia wakisema kwa uso mkavu kabisa kwamba ndege ni dinosau.

Ila kwa Mkenya mfano mkuu uko ziwani. Kamongo. Wajaluo wanamjua vizuri kuliko mimi: samaki mrefu, mwenye mapezi mithili ya nyuzi, ana mapafu, lazima apande juu avute hewa, na ukimzuilia chini ya maji atazama afe. Pale Gikomba kwa akina mama wa samaki anauzwa ngege, inauzwa mbuta, inauzwa omena, na ukibahatika utampata kamongo. Wote samaki, wote kwa ugali. Sasa fuata ukoo. Babu wa mwisho wa pamoja kati ya kamongo na ngege aliishi zamani zaidi kuliko babu wa mwisho wa pamoja kati ya kamongo na ng'ombe. Kamongo na ng'ombe waliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, lakini ngege alikuwa ameshaondoka kabla ya hapo. Maana yake kamongo aliye kwenye sufuria ni jamaa yako wa karibu kuliko alivyo jamaa wa ngege aliye pembeni yake.

Basi "samaki" kama kundi la ukoo halipo. Ama linamwingiza kamongo na kwa hiyo linakuingiza wewe, mimi, perere anayepiga kelele usiku kule Karen na ndovu wa Amboseli, ama halina maana. (Perere na pimbi, kwa wasiojua, ndio waliobaki kuwa ndugu wa karibu wa ndovu pamoja na nguva wa baharini. Hili kila mwongoza wageni analijua, na kila mgeni pale Hell's Gate hudhani anataniwa.) Wachuuzi wa Gikomba hawana haja ya kubadilisha chochote. Samaki ni neno zuri la soko na la jikoni. Haliandiki ukoo tu.

Kadiri viumbe wanavyokuwa wadogo ndivyo macho yanavyofaa kidogo zaidi. Uyoga huwekwa na sukuma wiki kwenye rafu ya mboga, lakini uyoga ni kuvu, na kuvu wako upande wetu, wa wanyama, kuliko upande wa mimea. Mwaka 1969 Robert Whittaker aliwapa himaya yao katika mpango wa himaya tano uliofundishwa shuleni kwetu kwa miaka mingi. Na ukishuka Magadi, wageni wakipiga picha ule wekundu juu ya magadi wakidhani ni aina ya mawe, rangi hiyo kwa sehemu kubwa ni viumbe hai vya seli moja vinavyopenda chumvi na magadi makali. Kwa darubini ungevipita ukidhani ni bakteria. Mmarekani Carl Woese, kwa kulinganisha RNA ya ribosomu, molekuli iliyo ndani ya viwanda vya protini vya kila seli, alitangaza mwaka 1977 kwamba viumbe wa namna hiyo si bakteria kamwe. Tunawaita arkea. Wana tawi lao wenyewe, na katika mitambo mingi ya ndani ya seli wanafanana na sisi kuliko na bakteria. Mmoja wao aliyepatikana ziwani pale aliitwa magadii. Ziwa letu liko ndani ya jina la kisayansi, na nusu ya Nairobi inalijua kwa nyama choma ya wikendi tu.

Sasa niingie kwenye majina, maana hapo ndipo wenzangu wa kazi hukasirika hasa.

Jina la kisayansi halishikiliwi na maelezo, linashikiliwa na mwili. Kila spishi ina kielelezo: mnyama aliyekaushwa, mfupa, au tawi lililobandikwa kwenye karatasi na kutunzwa mahali. Jina ni la kile kielelezo, na viumbe wengine wote huitwa hivyo kwa kuwa tumeamua ni spishi moja nacho. Vielelezo vingi vya viumbe vya Kenya viko London, Berlin na kwingineko, kwa sababu tunazozijua. Lakini nyuma ya maonyesho pale Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, sehemu ambayo wageni wangu hawaingii, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ambayo ni kubwa kweli: takriban vielelezo milioni moja. Ilianzia Amani, kule Tanga, mwaka 1902 enzi ya Wajerumani, ikaletwa Nairobi mwaka 1950. Chumba cha mifupa ya kale nacho kina kielelezo kinachobeba jina Homo ergaster, mmoja wa binadamu wa kale, taya la chini lililotoka Koobi Fora, jina lililotolewa mwaka 1975. Wapo wataalamu wasiolikubali jina hilo, wanasema hao ni Homo erectus tu. Taya liko palepale kabatini likisubiri waelewane. Na mtafutaji mkubwa kuliko wote wa mifupa ya nchi hii, Kamoya Kimeu, aliyeona kipande cha kwanza cha Kijana wa Turkana, mifupa ya mvulana wa kale, mwaka 1984, ana sokwe wa kale aliyepewa jina lake: Kamoyapithecus.

Sheria ya pili ni kwamba jina la kwanza ndilo linaloshinda. Sheria hii imeleta kisa ninachokipenda kuliko vyote. Afrika Kusini alikuwako punda milia mwenye mistari mbele tu, nyuma rangi ya udongo, aliyeitwa kwaga. Waliwindwa wakaisha, wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Kwa karne nzima alihesabiwa spishi yake mwenyewe, Equus quagga, jina alilopewa mwaka 1785. Mwaka 1984 DNA yake ilitolewa kwenye ngozi iliyokaushwa, mara ya kwanza kufanyika hivyo kwa mnyama aliyetoweka, na kazi iliyoendelea ikaonyesha kwamba hakuwa spishi tofauti. Alikuwa tawi la kusini la punda milia wa kawaida. Sasa, ikiwa ni spishi moja, jina la zamani zaidi linatawala. Kwaga lilitangulia. Kwa hiyo punda milia unaowaona mbugani hapa, na majengo ya jiji nyuma yao, wote kisheria wamechukua jina la yule aliyekwisha.

Mgunga ulipata kinyume chake, na hapa nakiri nina kinyongo. Philip Miller alipotoa jina Acacia mwaka 1754, miti aliyokuwa nayo akilini ilikuwa ya miiba, ya upande wetu huu wa Nile. Baadaye ikagundulika kwamba jenasi hiyo kubwa si ukoo mmoja, lazima igawanywe. Sheria ya kawaida ingetuachia sisi jina. Lakini Australia wana spishi karibu elfu moja katika kundi lao, nyingi hazina hata mwiba, na wakatoa hoja kwamba kubadilisha yao ni usumbufu mkubwa zaidi. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa wanabotania huko Vienna, jina likahamishiwa Australia. Mwaka 2011 Melbourne wakathibitisha. Migunga yetu ikawa Vachellia na Senegalia. Ule wa gome la manjano wa Naivasha ni Vachellia xanthophloea, na ule mfupi wa mbuga ya Nairobi wenye vinundu wanamoishi sisimizi, unaopiga mluzi upepo ukivuma, ni Vachellia drepanolobium. Kugawanya jenasi ilikuwa haki kabisa, ushahidi upo. Kuamua nani abaki na jina ilikuwa kura, na tulishindwa kura. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ningependa watu wayatenganishe kabla ya kusema "sayansi imesema." Bahati nzuri mimi husema mgunga, nikamaliza.

Kura hizo si mbaya siku zote. Mwaka 2024, huko Madrid, wanabotania walipiga kura kuondoa neno caffra na jamaa zake kwenye majina ya zaidi ya mimea, kuvu na mwani mia mbili, kwa kuwa kusini mwa Afrika ni tusi la ubaguzi dhidi ya mtu mweusi. Mahali pake pakaingia affra, kwa heshima ya Afrika. Ilichukua muda mrefu mno, lakini ilipita.

Nimezunguka, sasa nirudi kwenye neno gumu kuliko yote: spishi yenyewe ni nini? Ngazi nyingine zote ni makubaliano. Hakuna kipimo cha kusema familia ianzie wapi na oda ianzie wapi. Spishi peke yake ndiyo tunayodhani ipo huko nje iwe tumeiona au hatujaiona. Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya mwanabiolojia Ernst Mayr, ya mwaka 1942: spishi ni jumuiya ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao, na hawazaliani na jumuiya nyingine. Kwa mtu wa shambani ni maelezo matamu. Yanashindwa mara moja kwa viumbe wasiojamiiana, kama bakteria. Yanashindwa kwa mifupa ya kale, maana taya halizai. Hata kwa wanyama wakubwa yana nyufa. Laikipia kuna chotara wa punda milia wa Grevy na wa kawaida, baba akiwa wa Grevy, na chotara hao wana uwezo wa kuzaa. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo hao wawili ni spishi moja.

Ziwa Viktoria ndilo linaloniumiza kichwa. Wale samaki wadogo wanaoitwa fulu walikuwa na spishi zinazokadiriwa kufika 500, zote zilizochipuka ndani ya muda wa miaka 15,000 hivi tangu ziwa lilipojaa upya. Nyingi hutofautiana rangi ya dume, na jike huchagua mume kwa rangi hiyo. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka kwa mbolea na taka, mwanga unapungua, jike haoni vizuri, anachagua ovyo, na spishi zinaanza kuyeyuka kuingia ndani ya nyingine. Kwa hiyo mpaka wa spishi unaweza kufutwa na maji machafu. Sijui mtu atauitaje mpaka wa namna hiyo kitu cha milele.

Twiga walipitia mjadala huo huo. Kabla ya uamuzi wa 2025 wapo waliosema spishi ni moja, waliosema tatu, na waliosema nane. Kundi lililochapisha mwaka 2016 lililinganisha DNA za twiga wapatao 190 kutoka sehemu nyingi za Afrika, likapata matawi manne yaliyotengana waziwazi: wa kaskazini, wa madoa ya wavu, wa Kimasai na wa kusini. Kinachoshangaza ni kwamba watatu wa Kenya hawajatenganishwa na bahari wala mlima mkubwa. Wakiwekwa pamoja kizuizini huweza kuzaana. Porini, kwa kiasi kikubwa, hawafanyi hivyo. Mayr angekuwa na la kusema pande zote mbili. Mimi naegemea wanne, si kwa sababu ya madoa, bali kwa kuwa sehemu nyingi za jenomu zilisomwa na zikatoa jibu lile lile. Angalia pia kejeli hii: wakati wanapanda cheo, wale wa Giraffe Centre walipoteza jina lao la zamani, twiga wa Rothschild, kwa sababu DNA inasema hawatofautiani na twiga wa Nubia. Ushahidi ule ule uliowatenga na twiga wa Kimasai ndio uliowaunganisha na hao.

Anayedhani haya ni mchezo wa maneno atazame hesabu. Twiga wakihesabiwa pamoja wako karibu 140,000, idadi isiyomnyima mtu usingizi. Wakigawanywa, wa kusini wako karibu 69,000, wa Kimasai 44,000, wa madoa ya wavu 21,000, na wa kaskazini, kundi la wale wa Lang'ata, wako 7,000 tu katika Afrika nzima. Ndovu walifanyiwa hivyo mwaka 2021. Walipohesabiwa wawili badala ya mmoja, yule wa msituni aliingia daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini, na wa mbugani akapanda daraja la hatari. Fedha za ulinzi na vibali vya biashara hufuata orodha hizo. Ndiyo maana nawashuku pia wale wanaogawanya kila kitu. Ukigawanya bila ushahidi ili upate kitu kipya cha kuokoa, siku moja hakuna atakayekuamini ukiwa na kisa cha kweli.

Lakini ukiniuliza mnyama ambaye uainishaji wake umegusa maisha ya Wakenya wengi zaidi, sitakutajia mnyama wa kulipiwa kiingilio. Nitakutajia mbu. Anopheles gambiae, mbebaji mashuhuri wa malaria, ilidhaniwa ni spishi moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu waliowapandisha mbu maabara kutoka sehemu mbalimbali waliona kwamba machotara wa kiume hawazai. Kumbe ni kundi la spishi zinazofanana hata kwa darubini. Gambiae yenyewe hupenda damu ya binadamu, na ndani ya nyumba. Arabiensis huuma watu na ng'ombe, ndani na nje. Merus huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya Pwani. Quadriannulatus hupenda mifugo na karibu haina hatia. Fikiria wizara inayotangaza vita dhidi ya "mbu wa malaria" bila kujua ni yupi. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea magharibi mwa Kenya, gambiae walipungua sana na arabiensis wakachukua nafasi, kwa sababu yule wa nje hakutani na chandarua. Leo kutambua aliyenaswa hufanywa kwa kipimo cha DNA, na Nairobi ina watu waliobobea katika wadudu tangu Thomas Odhiambo alipoanzisha icipe mwaka 1970, taasisi ambayo leo makao yake yako Kasarani.

Sasa ameingia mgeni. Anopheles stephensi, mbu wa Asia Kusini na Rasi ya Uarabuni, alionekana Djibouti mwaka 2012, akapita Ethiopia, na mwishoni mwa 2022 akanaswa Marsabit. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, walithibitisha kwa kusoma DNA, maana kwa macho ni rahisi kumwandika arabiensis ukaendelea na kazi. Huyu hahitaji kinamasi wala shamba la mpunga. Anazaa kwenye mapipa, matangi na visima, katikati ya mji, hata wakati wa kiangazi. Nairobi malaria imekuwa ya kuletwa na wasafiri, kwa sababu ya baridi yetu na mwinuko, na sisemi stephensi yupo hapa. Nasema tu kwamba kutoka Marsabit hadi mjini ni lami moja kwa moja, mbu halipi nauli, na mtaani kwetu kila ploti ina matangi juu ya paa kwa kuwa maji ya mfereji huja yanapotaka yenyewe. Tangi langu limefunikwa.